SIMU YA KAZI NA SAA ZA NYUMBANI

Somo la mwezi kwa washarika na wainjilisti wa Mbulu na Hanang

Katika somo la mwezi huu hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe, maana mtu afundishaye habari ya mzigo, hali yeye ndiye aliyeutwika, hafai kusikilizwa mpaka amesema kweli kwanza.

Jioni moja ya masika tulikuwa tukipanga habari za sharika kwa ajili ya ukurasa wa mwisho wa jarida hili. Ikapungua hesabu moja tu, yaani watoto waliobatizwa katika mtaa mmoja ulio mbali, ukingoni mwa bonde la Yaeda. Mmoja wetu akashika simu yake akamwandikia mwinjilisti wa mtaa ule maneno machache, ya kwamba atuletee hesabu ya ubatizo. Ilikuwa kama saa moja ya usiku. Kuandika kwenyewe hakukuchukua muda wa kupoza chai kikombeni. Saa nne hesabu ikafika, watoto kumi na wanne, nasi tukashukuru, tukalala.

Miezi michache baadaye tulimtembelea ndugu yule, tukamwuliza habari za simu huko kwao, naye akatueleza pasipo kunung'unika. Ujumbe wetu ulimkuta njiani, alipokuwa akirudi kutoka shambani, juu ya kilima penye mtandao. Nyumbani kwake bondeni simu haishiki. Kitabu cha ubatizo kimo nyumbani. Basi alishuka, akamkuta mkewe amekwisha pakua chakula, akachukua kitabu na tochi, akapanda tena kilima gizani, fisi wakilia upande wa pili wa korongo, akatuandikia hesabu, akashuka. Aliporudi watoto walikuwa wamelala, na ugali ulikuwa umepoa. Sisi hesabu ile hatukuihitaji mpaka Jumanne ya juma lililofuata.

Tulimwuliza, kwa nini hukungoja asubuhi? Akajibu, "Niliona jina la wakubwa wangu, wala ujumbe haukusema kwamba waweza kungoja."

Jibu hilo lilituchoma moyo, tena ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Maana hatukumwamuru kupanda kilima, wala hatukumtisha. Tulikuwa tumekaa, tukakumbuka neno, tukalituma. Lakini neno lile, likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, likawa amri njiani.

Mjumbe na taa yake

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwe. Katika miaka ile, kama katika hospitali nyingi za misioni, mgonjwa alipozidiwa usiku hapakuwa na njia ya kumwita muuguzi aliye nyumbani ila kwa miguu ya mtu. Mlinzi alishika taa ya chemli na fimbo, akaenda, akabisha mlango. Sasa na tufikiri vizuri habari ya mjumbe yule. Kumtuma kulikuwa na gharama. Lango lilibaki bila mlinzi, naye mwenyewe alipaswa kutembea gizani katika nchi ya fisi. Kwa hiyo aliyetuma alijiuliza kwanza, je, jambo hili lastahili safari hii? Likiwa ni jambo la damu na pumzi, alituma. Likiwa ni hesabu ya mashuka, aliliacha mpaka asubuhi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ukutani. Fisi alikuwa sheria.

Baadaye ikaja redio ya kuitana kati ya vituo. Nayo ilikuwa na saa zake zilizopatanwa, ikafunguliwa na kufungwa. Vilevile wazee wa Hanang waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu katika miaka ya 1970 na 1980 walijua vumbi na jua, na kazi yao haikuwa nyepesi hata kidogo. Lakini trekta lilipoegeshwa jioni, liliegeshwa. Hakuna trekta lililopata kuingia chumbani na kulala kando ya mto wa mtu.

Simu za mkononi zilianza katika Tanzania mwaka 1994, mjini kwanza, na vijiji vyetu vilingoja sana. Kisha zikaja simu janja, na pamoja nazo WhatsApp, ambayo ilianzishwa mwaka 2009. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, na hivi leo mwalimu wa kijijini anacho chombo ambacho ofisi nzima ya wilaya isingaliota kuwa nacho miaka thelathini iliyopita. Watumishi wa serikali hueleza kazi zao katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua mahali pa fomu za OPRAS. Muuguzi ana kundi la wodi, kundi la kituo, kundi la chanjo, na kundi la mkoa. Mwalimu ana kundi la shule, la kata, la somo lake, na la kamati ya mitihani. Mwinjilisti ana kundi la jimbo, la kwaya, la ujenzi, na la wazee. Kila kundi lina wakubwa wake, na kila mkubwa ana saa yake ya kukumbuka mambo.

Gharama ya mjumbe imekwenda wapi? Leo kutuma ni bure, au karibu na bure. Mwenye bando la siku atuma jumbe mia kwa bei ile ile ya ujumbe mmoja. Mtu asidhani kwamba gharama imekwisha. Imehamishwa. Zamani ilikuwa juu ya atumaye, leo i juu ya atumiwaye, wala atumaye haioni, kama vile sisi tusivyouona ugali wa mwinjilisti ukipoa.

Hatuandiki haya kwa kutamani siku za chemli zirudi. Mwalimu mkuu wa miaka ile, akitaka kupeleka karatasi moja Mbulu mjini wakati wa masika, aliweza kupoteza siku mbili au tatu kwa safari ya udongo na maji. Mshahara ulicheleweshwa kwa kosa la tarakimu moja, na hapakuwa na wa kuuliza. Leo hayo yafanyika kwa dakika chache. Mama mjamzito akipatwa na uchungu mbaya kijijini, ndugu zake waweza kupiga namba 115 pasipo malipo, na kwa mpango wa m-mama gari la wagonjwa au dereva wa kijiji mwenye gari lake aitwa kumchukua. Anayeona simu kuwa adui na amwulize mama aliyefika hospitali kwa namna hiyo. Jambo letu ni jingine, nalo ni mpaka kati ya saa za kazi na saa za nyumbani, ambao zamani ulilindwa na umbali na giza, na sasa haulindwi na kitu.

Kungoja nako ni kazi

Watu wengi husema, "Kujibu ujumbe ni dakika moja, je, dakika moja yamwumiza nani?" Hapo ndipo penye kosa. Yenye kuumiza si dakika ya kujibu, ni saa za kungoja. Mtu ajuaye kwamba simu yaweza kulia wakati wo wote kwa sauti ya mkubwa wake hayupo nyumbani kamili. Mwili u mezani, sikio li kazini. Amwambia mtoto, "Ndiyo, mwanangu," asijue mtoto amesema nini.

Jambo hili limepata kupelekwa mbele ya waamuzi. Katika mji wa Nivelles, nchi ya Ubelgiji, alikuwako mzima-moto aliyetakiwa, siku za zamu yake, kukaa nyumbani kwake tayari, ili akiitwa afike kituoni kwa muda wa dakika 8. Je, saa hizo alizokaa nyumbani zilikuwa za kupumzika au za kazi? Mwezi Februari 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba zahesabiwa kuwa saa za kazi, kwa kuwa mtu aliyefungwa namna ile hawezi kuyashughulikia mambo yake mwenyewe. Hatusemi kwamba hukumu ya Ulaya yatawala huku kwetu, wala kwamba kila ujumbe ni sawa na moto. Lakini waamuzi wale walikiona kitu ambacho mke wa muuguzi, au mume wa mwalimu, amekiona siku nyingi.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hukosa kulitaja, nasi wa Mbulu na Hanang twalijua. Mtu wa mji mkubwa akitoka ofisini huenda akapumzika. Mtumishi wa kwetu akitoka kazini aanza kazi ya pili. Mwalimu wa Bashay ana vitunguu saumu vya kupalilia, muuguzi wa Dongobesh ana ng'ombe wa kukamua na maharage ya kuanua kabla ya mvua, na mwinjilisti hali kwa posho yake, ila kwa jembe lake. Saa za jioni kwetu si anasa. Ndizo zinazolipa karo na kujaza ghala. Kwa hiyo mkubwa atumaye fomu saa kumi na moja jioni ati ijazwe "leo leo," hamnyang'anyi mtumishi saa ya kukaa bure tu, amnyang'anya mavuno.

Na hata hiyo saa ya kukaa pamoja si kitu kidogo. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, maneno ya baraka ambayo mmoja hutangulia kuyasema na wengine huitikia. Mwenye kuongoza hawezi kwenda mbele asipoitikiwa. Nyumba nayo i hivyo hivyo. Mama asema neno, baba aitikia. Mtoto aleta habari ya shule, wakubwa waitikia. Siku hizi twaingia katika nyumba za watumishi, tena za Wakristo, na katika nyumba zetu wenyewe, tukaona mmoja asema na mwingine ainamia kioo chake. Mwenye kusema huchoka, hunyamaza. Watoto hujifunza upesi kwamba baba hupatikana zaidi kwa yule aliye mbali.

Kwa afya ya mwili tutasema machache, maana hesabu zenyewe zatosha. Mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba, katika mwaka 2016, watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu afanyaye saa hizo ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa 35 katika mia, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40. Simu janja haikutajwa kuwa ndiyo sababu. Lakini nani ajuaye afanya saa ngapi kwa juma, ikiwa kazi yenyewe imekatwa vipande vipande, robo saa hapa, nusu saa pale, mpaka usiku wa manane?

Sheria ya nchi yasemaje

Wengi wetu hudhani kwamba habari ya kupumzika ni ya huruma ya mkubwa tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yahusu waajiriwa wa Tanzania Bara, hata wa serikali, isipokuwa majeshi na watu wa namna hiyo. Kwa sheria hiyo mtu asifanyizwe kazi ya kawaida kupita saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa juma, wala siku 6 kwa juma. Saa za ziada ni kwa mapatano, zisipite 50 katika majuma manne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kisha lipo neno ambalo twapenda kila mwajiri alisome mara mbili: mtumishi apewe pumziko la saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na kila juma pumziko la saa 24. Wasimamizi wa cheo cha juu wametengwa katika mambo haya ya saa, lakini walio wengi hawakutengwa.

Na tufanye mfano. Mwalimu atoka shuleni saa kumi alasiri. Saa moja usiku kundi la kata lataka hesabu ya madawati. Saa tatu latakiwa jina la mtoto aliyehama. Saa nne ndipo kundi linyamazapo. Saa kumi na moja alfajiri lafufuka, maana kuna anayeamka mapema. Kutoka saa nne usiku hata saa kumi na moja alfajiri ni saa 7. Sheria ilisema 12, tena mfululizo.

Sheria hiyo ilipoandikwa haikutaja ujumbe wa simu, wala isingaliweza, kwa kuwa WhatsApp ilikuja miaka mitano baadaye. Nchi nyingine zimeanza kuziba pengo hilo. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika 1 Januari 2017, kwamba kampuni zenye watu 50 na zaidi zipatane na watumishi wao juu ya haki ya kuiacha simu ya kazi. Kenya, jirani yetu, muswada wa namna hiyo ulipelekwa mbele ya Seneti mwaka 2022. Lakini iliyotuvuta zaidi ni sheria ya Ureno ya Desemba 2021. Hiyo haikutosheka kumpa mtumishi ruhusa ya kutojibu. Ilimwekea mwajiri wajibu wa kutomtafuta mtumishi katika saa zake za kupumzika, isipokuwa kwa jambo kubwa lisilozuilika. Yaani gharama imerudishwa kwa atumaye. Fisi amerudishwa barabarani, ila sasa ni fisi wa karatasi.

Ng'ombe aliyeanguka kisimani

Hapa mtu atatuuliza, na mgonjwa je? Swali ni la haki. Bwana wetu mwenyewe alipowauliza Mafarisayo habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato (Luka 14), hawakuwa na la kujibu.

Wote wa Hanang waikumbuka asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vingine, na watu zaidi ya 80 wakafa. Asubuhi ile simu zililia, na ilikuwa haki zilie. Wauguzi, madereva, askari, walimu ambao shule zao zilihitajika kwa hifadhi, wachungaji: asiwepo mtu wa kusema kwamba saa zake 12 hazijatimia. Sheria ya nchi nayo yakiri hivyo, maana imeiondoa kazi ya dharura katika mipaka ya saa, ikiwa haiwezi kufanywa katika saa za kawaida.

Lakini ndugu, ni kwa sababu hiyo hasa inatupasa kulinda mlio wa simu usichakae. Muuguzi aliyeitwa mara ishirini kwa habari za mashuka, mara ya ishirini na moja, mama atokwapo na damu, huenda ameilaza simu chini ya nguo ili apate usingizi. Je, tutamlaumu? Tuliomfundisha kutoiamini sauti ile ni sisi tuliomwita bure. Anayetaka simu ipokelewe usiku wa tope na aiache inyamaze usiku wa mashuka.

Kwa nini mtu mmoja hawezi peke yake

Shauri ambalo wengi hulitoa ni hili: "Zima simu." Twaliona ni shauri la watu walio na nafasi. Mkubwa aweza kuzima, nani atamwuliza? Mdogo akizima, kesho ataambiwa kwamba hana moyo wa kazi. Hata akiacha simu wazi asijibu, zile alama mbili za buluu zamshtaki ya kwamba amesoma. Aweza kuzificha alama hizo kwa jumbe za mtu na mtu, lakini katika makundi kificho hicho hakifanyi kazi. Na yule wa kazi ya mkataba wa miezi sita, atazima vipi?

Bibi Leslie Perlow, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, pamoja na mwenzake Jessica Porter, walieleza mwaka 2009 majaribio waliyoyafanya katika kampuni ya washauri wa biashara iitwayo Boston Consulting Group. Watu wa kampuni ile walikuwa wamezoea kupatikana usiku na mchana, wakaamini kwamba kazi haiwezekani vinginevyo. Mabibi hao wakaomba jambo dogo: kila mtu wa kikundi awe na usiku mmoja kwa juma, uliopangwa mbele, asifanye kazi wala kusoma ujumbe, na wenzake wamshikie. Mwanzo watu walikataa, wakiogopa wateja na cheo. Walipofanya, kazi haikuanguka. Waliridhika na kazi yao kuliko wenzao wa vikundi vingine, tena walijifunza kuambiana mambo mapema mchana, wasiyaache mpaka usiku. Siri ilikuwa hii: hakuna aliyezima simu kwa ujasiri wake mwenyewe. Walipatana, mkubwa akiwamo.

Wainjilisti mtatambua kwamba jambo hili si geni. Yethro mkwewe Musa (Kutoka 18) alimkuta Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni, watu wote wakimjia yeye, naye hakumwambia awafukuze watu, wala hakumwambia ajifiche hemani. Alimshauri kugawa: makubwa yaje kwake, madogo yaamuliwe na wengine waliowekwa. Nayo amri ya pumziko, ambayo sisi Walutheri twaihesabu ya tatu, yamtaja mtumwa na mjakazi na hata mnyama wa kazi; maana aliyeitoa alijua kwamba bwana hupumzika apendapo, bali wadogo hupumzika wakiruhusiwa.

Namna ya kupatana

Sharika zetu ni waajiri. Tuna shule, zahanati, hosteli, ofisi za jimbo, na watunza hazina. Kwa hiyo mambo haya hatuyaelekezi kwa serikali tu. Baraza la wazee laweza kuyaanza mwezi huu, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa, ni kutenga kupiga na kuandika. Watu wapatane kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni simu ya kupigwa ni ya dharura, nayo hupokelewa. Ujumbe wa kuandikwa ni wa kesho, wala hautazamiwi kujibiwa. Mapatano haya madogo yamfungulia mtumishi mlango, maana aweza kunyamazisha makundi yote na kuacha mlio wa kupigiwa tu, akalala akijua kwamba moto ukiwaka atasikia. Tena yamrudishia atumaye gharama kidogo, kwa kuwa kupiga usiku kwamfanya mtu aone haya, na kuandika hakumfanyi aone haya. Mwenye kukumbuka neno saa tatu usiku na aliandike katika daftari lake, alitume asubuhi. Akishindwa kabisa kujizuia, aanze kwa maneno "la kesho." Maneno hayo mawili yangalimwokoa mwinjilisti wetu na safari nzima ya kilima.

Mahali penye kazi ya usiku, kama zahanati, yafaa iwepo simu moja ya zamu, iliyo mali ya kituo, inayopokezanwa mkono kwa mkono kama ufunguo wa duka la dawa. Aliye nayo ndiye aitwaye. Asiye nayo yu nyumbani. Namba za watumishi binafsi zibaki kwa msimamizi, zitumike tu mmoja akishindwa na kazi ikahitaji wengi. Tumeona vituo ambavyo kila mgonjwa ana namba ya kila muuguzi, na watu hujivunia jambo hilo kama upendo. Huenda ni upendo, lakini muuguzi mmoja alituambia kwamba kwa miaka miwili hakumaliza ibada hata moja pasipo kutoka nje kupokea simu.

Tena makundi yapunguzwe. Kwa habari hii hatuna maelezo marefu; kila mwenye kundi ajiulize ni nani angaliliomboleza likifungwa.

Mwinjilisti ana neno lake la pekee. Yeye huitwa kwa msiba, kwa mgonjwa, kwa ugomvi wa ndoa, na kwa ufunguo wa ghala la viti. Misiba na wagonjwa hana budi kwenda, hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Lakini ufunguo wa viti na uwe kwa mzee mmoja, hesabu ya michango kwa mwingine, na habari za kwaya kwa mwalimu wa kwaya. Majina na namba za simu zao yasomwe kanisani Jumapili mbili mfululizo, yabandikwe mlangoni. Watu watamzunguka mzee na kumwendea mwinjilisti kwa mazoea. Hapo mwinjilisti na mkewe wawe na jibu moja, la upole, nalo ni jina la mzee yule.

Nasi wa jarida tumekwisha kujiwekea masharti yetu. Hesabu za sharika zitapokelewa hata tarehe 20 ya kila mwezi. Zikichelewa zitaingia mwezi ujao. Hatutamwandikia mwinjilisti ye yote ila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, siku za kazi. Akipata ujumbe wetu nje ya saa hizo, ni kosa letu, naye asiujibu mpaka amepita kilimani kwa shughuli zake mwenyewe.